Samaki wa Bi Zuwena

Asubuhi, ndani ya treni, Bi Zuwena aliwakaribisha abiria wote kaimati zake, na hakuna aliyenyoosha mkono. Sasa yeye na mwanawe Hilali walikuwa katika mkahawa wa vitambaa vyeupe, huko ugenini. Mhudumu alisimama kando ya meza, mikono nyuma, naye Bi Zuwena hakugusa samaki wake.

"Hilali, mkaribishe. Nitamezaje na mtu kanisimamia?"

"Mama, ndiyo kazi yake."

"Kwani mwenye kazi hali? Mwambie!"

Watu wa meza za jirani waligeuka. Hilali, masikio yakimwaka, alimwambia mhudumu kwa lugha ya pale kwamba samaki wa mama amepoa. Mhudumu aliomba radhi, akaondoka na sahani.

Uso wa Bi Zuwena ulikunjuka. "Kapokea! Treni nzima walinikatalia, huyu kapokea. Kalelewa huyu."

Alikaa bila sahani mbele yake, ameridhika. Hilali alikata kipande cha nyama yake, akakiacha kwenye uma.

Mhudumu alirudi na sahani inayofuka moshi. Bi Zuwena aliitazama kwa makini.

"Huyu siye samaki wangu. Ulimwambia nini, mwanangu?"

Mhudumu naye alimgeukia Hilali, akingoja kutafsiriwa.