Nyumba ya Wangwe

Truphena alisikia pikipiki ikizimwa nje ya lango, ufagio ukamtoka mkononi. Mabati mengine yalikuwa bado yamelala chini. Kuta za udongo za chumba kimoja kilichokuwa kikijengwa kando ya lango zilikuwa hazijakauka, na Elvis fundi alikuwa juu ya mbao, misumari mdomoni.

"Usishuke," akamwambia. "Gonga tu."

Aliyeingia alikuwa Motari, afisa wa mipango ya mji, kijana wa Kisii mwenye kofia ya jua na kopo la rangi nyekundu. Pale mtaani, kando ya mji wa Homa Bay, kila mtu alilijua kopo lile. Ukuta ukishapakwa hiyo rangi, kinachofuata ni tingatinga.

Truphena akamletea kiti. Akakifuta vumbi kwa leso.

Motari hakukaa. Alisema kwa upole kwamba jirani mgeni, mwalimu Joyline, amepiga ripoti: huyu mama anajaza wapangaji kwenye ua, leo kibanda, kesho baa. Akaeleza kwamba zamani ilikuwa ploti moja, nyumba moja. Sasa mpango mpya umelegeza. Mtu akitaka vyumba vya kupangisha, ajenge. Akitaka ghorofa, ajenge. Akitaka nyumba ndogo ya ndugu yake, ajenge pia. Lakini iwe nyumba ya mtu kuishi kweli, maana hizi ni ploti za makazi, na jambo lingine lolote haliruhusiwi humu.

Truphena akaokota ufagio. Hilo la mwisho ndilo shemeji yake alilomwonya asubuhi. Mtu wa kaunti akija, alimwambia, sema ni nyumba ya mtoto, na usiongeze neno.

"Ni ya mtoto wangu, Wangwe," akasema. "Anarudi leo kutoka Migori. Alikuwa huko kwa machimbo ya dhahabu."

"Hana nyumba hapa?"

"Hajawahi kujenga. Kila mwaka anasema mwaka ujao."

Motari akauliza kwa nini asilale kwa mamake kwanza, wajenge polepole kama watu wengine. Elvis akacheka kule juu. Akasema kwao mwanaume mwenye ndevu halali nyumbani mwa mamake hata usiku mmoja, na kama mtu wa Kisii amekaa na Wajaluo miaka yote hii bila kujua hivyo, basi huwa anakuja tu kununua samaki.

Motari hakucheka. Alikuwa ameanza kuzunguka. Hakuona choo. Hakuona dirisha wala mahali pa kuweka jiko. Akasimama mlangoni, akaupima kwa macho.

"Mama, hii ni mlango ya nyumba ama ya gereji?"

"Wangwe ni mkubwa."

"Na atapikia wapi?"

"Hapiki."

"Basi hii ni stoo," Motari akasema, akainama kufungua kopo.

Truphena akamshika mkono. Hakujua ameushika mpaka alipouona mkono wake mwenyewe juu ya shati la yule kijana. Alisema haraka, kwa sauti ndogo, akitazama lango. Alisema rangi ikipakwa fundi atashuka, na mabati hayataisha. Wangwe akikuta hakuna nyumba yake, hataweza kuingia. Atabaki pale barabarani watu wakimtazama, na hatamsamehe. Atamfuata. Hatamwacha alale, yeye mamake wala wadogo wa Wangwe, na wale ni watoto tu, hawajamkosea mtu.

Juu, nyundo ya Elvis ikazidi kasi.

Motari akamtazama vizuri. Akaona macho mekundu ya mtu ambaye hajalala, na midomo iliyokauka. Alikuwa amewaona wanaume wa aina hiyo, wanaotoka machimboni na pesa kidogo na pombe nyingi ya chang'aa, wakifika nyumbani wazee wao wanajificha kwa majirani.

"Mama," akauliza, "huyu kijana huwa anakupiga?"

Truphena akatazama barabarani. Shemeji alisema asiongeze neno.

Motari akalirudisha kopo kwenye pikipiki. Uso wake ulikuwa umebadilika. Akasema nyumba ataiangalia siku nyingine, hiyo si kitu, lakini haondoki hapo.

"Acha aje huyo Wangwe wako," akasema. "Leo ataongea na mimi kwanza."

"Usiseme hivyo, mwanangu. Tafadhali."

Honi ikalia barabarani. Truphena akaruka kama aliyechomwa. Elvis akapiga msumari wa mwisho kwenye bati la mwisho, akateremka mbio, akaenda kufungua lango pande zote mbili.

Motari akavuta mshipi wa suruali, akasimama katikati ya njia, miguu ameipanua.

Gari halikuingia kwa mbele. Lilijigeuza barabarani, matawi mabichi yamefungwa kwenye boneti, likarudi kinyumenyume polepole mpaka karibu na magoti yake. Wanaume wakashuka kimya, wakafungua nyuma, wakaweka mabega chini ya jeneza. Mmoja akauliza kama wampeleke moja kwa moja ndani ya nyumba yake mpya, alale humo mpaka mazishi.

Truphena akamgeukia afisa.

"Huyo ndiye Wangwe," akasema. "Ongea naye."