Jicho la Mzee Osman

Kitale nzima hakuna mwanamke anayejua kufunga mdomo kama Mama Nasike, na hilo alikuwa amemweleza kila mtu sokoni kabla chai haijachemka. Siri aliyokuwa ameifungia mdomo siku hiyo ilikuwa hii: jana baada ya magharibi, landilodi wake, Mzee Osman, alimchungulia kwa tundu la ukuta unaotenganisha nyumba zao.

"Jicho!" aliwaambia wauza mboga. "Jicho zima, jekundu, na nyusi zake!"

Kwa hiyo alasiri wapangaji wa ploti yote walijaa uani. Watu walikalia mitungi ya maji, wengine wakaja na njugu kabisa. Wamalwa, mzee wa nyumba kumi, alipewa kiti cha plastiki, kile chenye miguu yote minne.

Sheria ya ploti ni moja na haijaandikwa popote: anayechungulia wenzake anahama. Lakini mwenye ploti utamhamisha aende wapi? Wamalwa alikuna kidevu, akaamua. Osman akishindwa, atachinja mbuzi, wapangaji wamle mbele ya macho yake, naye asionje hata mchuzi.

"Na wewe Mama Nasike, kama umemsingizia mzee wa watu, funga virago uende kwa binti yako."

Binti yake alikaa Kanduyi na alikuwa ameokoka mpaka kuku wake hawawiki ovyo. Kwake taa huzimwa mapema, na mwenye umbea huwekewa mikono akaombewa. Mama Nasike alifikiria Kanduyi, mate yakamkauka. Akafikiria mbuzi, yakarudi.

"Mzee Osman," Wamalwa alianza, "ulichungulia ama hukuchungulia?"

"Nilichungulia."

Uani kulivuma. Arafa, mkewe Osman, alijifunika uso kwa mtandio.

"Lakini ngojeni, jamani. Tulikuwa tumekaa sebuleni, mimi na mke wangu na huyu mpwa wangu Naim, mgeni wetu kutoka Bungoma. Mara nikasikia ukuta umesonya."

"Umefanya nini?"

"Umesonya. Nikaenda kuangalia una nini, nikakuta tundu. Nikaweka jicho. Basi."

Watu walicheka mpaka njugu zikamwagika.

"Ati ukuta umesonya! Mzee, hata uongo unapikwa, bana, hauliwi mbichi!"

Mama Nasike alimwona mbuzi anakuja mwenyewe, na kamba shingoni. Angenyamaza hapo, angekuwa ameshinda. Lakini watu walikuwa wengi, na wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Mnacheka," alisema akisimama. "Mnadhani kuchungulia ni mchezo? Kuna filamu moja, jina lake silijui, ya landilodi kama huyu huyu. Ametoboa tundu nyuma ya saa ya ukutani. Anaanza kwa kuchungulia tu, pole pole, kama mtu anayechagua nyanya. Kidogo kidogo anaanza kuwamaliza wapangaji, mmoja mmoja, kwa mchi wa kinu!"

"Uwi!" mama wa chumba cha pembeni akawavuta watoto wake.

"Wa kwanza, fundi wa cherehani. Wa pili, mwalimu, povu la kunyolea bado liko kidevuni. Halafu kuna msichana ameponyoka, amefika mpaka langoni. Si anarudi kuchukua chaja ya simu? Mtu amekufuata na mchi, wewe unarudia chaja!"

Alisonya kwa nguvu, kuku wakatawanyika. Mzee Osman akainua kichwa ghafla.

Naim alikuwa ameegemea mlango muda wote, mwanamume wa ndevu, mpole, wa maneno machache. Sasa alisogea mbele.

"Nyanya, hapo kwa chaja uliogopa?"

"Niliogopa! Kikombe kilinitoka mkononi."

"Na huyo landilodi? Alikutisha?"

"Huyo anatembea kama bata mgonjwa. Lakini macho, wacha! Macho anayo."

Naim alilimeza neno hilo la bata kwa taabu. "Na mwisho uliuonaje?"

"Mwisho sikuuona. Landilodi amemfikia mama mmoja mnene, ameinua mchi hivi, mimi hata pumzi sina, halafu kuna mtu akaniziba."

"Woi, pole," watu wakasema. Hakuna kitu kibaya kama kuzibwa.

"Sasa mnaona?" Mama Nasike aligeukia ploti yote, mikono kiunoni. "Leo jicho, kesho mchi. Mimi ni mjane, nalala peke yangu. Mnataka mnikute asubuhi nimetwangwa kama karanga?"

Hapana, hakuna aliyetaka. Mwanamume mmoja akauliza kama kuna mtu ana kisu kizuri. Arafa alikuwa ameanza kumtazama mumewe kwa mashaka, akikumbuka mchi wake uko wapi.

"Filamu yenyewe ulitazamia wapi?" Wamalwa aliuliza, si kwa kumshuku, ila naye alitamani kuiona.

"Kachibora," alijibu Mama Nasike bila kupepesa. "Kwa mpwa wangu, Krismasi iliyopita. Nyumba ilijaa watu, ndiyo maana nikazibwa. Watoto walilia mpaka kukapambazuka."

Wamalwa alijikohoza. Alikuwa tayari kutaja mbuzi awe wa ukubwa gani, lakini Naim alishamfikia yule mama na kumshika mikono yote miwili, machozi ya furaha yakimlenga.

"Nyanya, Mungu akubariki. Filamu hiyo ni yangu. Nimeitengeneza mwenyewe, na rafiki zangu, kule Webuye, na nimeimaliza wiki hii. Imeonyeshwa mara moja tu: jana, sebuleni kwa mjomba."