Milimita Sita

Nilipima mara tatu, na mara zote tatu mguu wa Wietske ulikuwa umerefuka kwa milimita sita.

Hapa mjini Heerenveen kila mtu anamjua kwa mbio zake za barafuni. Mimi, fundi wake wa buti, namjua kwa miguu. Buti za kutelezea huvaliwa bila soksi na hazitakiwi kuacha nafasi hata ya unywele, kwa hiyo kila msimu namchukulia umbo upya kwa plasta. Ana miaka ishirini na minane.

Nikaishusha rafuni kalibu ya plasta ya mguu wake ya mwaka jana, nikaiweka kando ya unyayo wake. Kidole gumba kiliipita.

"Umevimba tu, mzee," alisema. "Si nimeshuka kwenye ndege jana?"

Nikaubonyeza. Mguu uliovimba huacha kishimo. Huu haukuacha kitu.

Kwa miaka thelathini nimeuona mguu mmoja tu wa mtu mzima ukikua hivi. Mwenyewe alikuwa akijidunga sindano za kukuza misuli, zikamkuza na mifupa. Alinyang'anywa medali zote.

"Mbona unanikodolea macho? Tengeneza bwana, mbio ni baada ya wiki tatu!"

Nikamtazama mikono. Kidole cha pete kilikuwa kitupu, kimenenepa, na alama ya pete ilikuwa imeshafutika. Pete yake ya ndoa ilikuwa shingoni, inaning'inia kwenye mkufu.

"Na kidole nacho kimevimba kwa ndege ya jana?" nikamuuliza.

Akaitumbukiza pete ndani ya fulana.