Hodi ya Ubao

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe nne Machi, wakubwa walipotangaza kwamba miti iliyopandwa juu ya makaburi ni mali ya umma, ikatwe itengenezwe viti vya ofisi zao. Shelukindo, mgane asiyejua kuandika zaidi ya jina lake, alikwenda kujifunza kupinda mbao kwa fundi Mbelwa, aliyepewa kazi ya viti hivyo. Alitaka zamu ya mti wa mkewe Namkunda ikifika, upite mikononi mwake.

"Akiumwa walimnyima dawa," alizoea kusema. "Leo wanataka awabebee makalio."

"Punguza mdomo, mzee," Mbelwa humwonya. "Na usisahau hodi. Ubao usiopigiwa hodi huvunjika."

Ndiyo desturi ya karakana ile: kabla ya kufungua sanduku la mvuke la kulainishia mbao, hugongwa kifuniko, ikapigwa hodi, na papo hapo ubao ukatolewa na kupindwa ungali moto.

Asubuhi ya leo mti wa Namkunda uliletwa, umeshapasuliwa mbao. Shelukindo aliuweka ubao wa kwanza sandukuni, akaupika kwa mvuke hadi ukalainika, akagonga. "Hodi." Akakawia kufungua, mkono juu ya kifuniko.

"Karibu, Baba Kiango," sauti ikaitika toka ndani, kwa jina alilozoea kumwita mkewe.

Nyundo ilimponyoka Mbelwa. "Utoe, mzee," alinong'ona. "Ukipoa haupindiki tena."

Shelukindo hakuondoa mkono juu ya kifuniko.

"Fundi, wale wengine tuliwapigia hodi tukafungua bila kungoja. Nao walikuwa wakiitika?"