Iswa wa Mwezi wa Saba

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi, tena mpumbavu mwenye furaha.

Mvua moja tu ilikuwa imenyesha kwetu Mumosho, katikati ya kiangazi. Asubuhi iswa, kumbikumbi wetu, wakatoka ardhini kwa maelfu, wakapanda polepole kama moshi unaometameta. Tangu enzi za mababu, iswa wakiruka, tunapanda maharage. Nami nikapanda. Nusu ya mbegu zetu zote ilikuwa tayari udongoni, na mabawa yalinidondokea mabegani, mepesi kama usingizi.

Nikamnyooshea mkono mke wangu, Adèle. Alikuwa amekumbatia beseni lenye nusu iliyobaki, anatazama juu.

"Lete, maman. Mvua imefika."

"Na ndege iko wapi?"

Kweli, kila mwaka mbayuwayu hurudi na mvua, wakawala iswa hewani kwa kelele za sikukuu. Siku ile hapakuwa na hata mmoja. Kumbikumbi walielea tu katika anga la buluu, kimya, bila wa kuwala.

"Ndege itachelewa, sawa vile wewe unachelewaka misa," nikamtania. "Iswa haiwezi kukosea. Lete mbegu."

Hakucheka. Bawa moja lilitua kwenye kope yake, wala hakulipangusa. Alizidi kulikumbatia beseni.

"Iswa ikikosea, papa, inakufa peke yake. Wewe ukikosea, unakufa na batoto bangu bane."