Koti la Mvua Juani

Jua lilikuwa likiwaka na angani hapakuwa na hata wingu, lakini mzee Vinzenz alikuja mezani kavaa koti la mvua. Majirani waliokuja kumsaidia kusomba nyasi kavu wakamtania, wakamwuliza kama huko milimani siku hizi inanyesha bia.

"Tusombe kwanza, tule baadaye," mzee akasema taratibu. Nyasi hizo ndizo ng'ombe wake wangekula majira yote ya baridi.

Korbinian, mume wa binti yake, akatoa simu yake mpya. Programu ya hali ya hewa iliyomo humo aliiandika yeye, kwa simu za aina mbili, za zamani na za kisasa, na kama ilivyo desturi ya watu wa kazi yake, aliiacha wazi: yeyote duniani aisome, airekebishe, alalamike mbele za watu. Ndicho kile kitendawili: nyumba yangu haina mlango, na kila mgeni kaja na nyundo.

"Baba, mvua ni saa kumi. Kula kwa raha zako. Au nawe umeshamwamini Konokono?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Konokono walimjua kwa masimulizi ya Korbinian: mtu asiyetaja jina lake halisi, kila uchao anaandika kwenye ukurasa wa programu hiyo kwamba simu yake kuukuu huonyesha mvua saa moja kabla ya simu mpya ya mkewe, na hiyo kuukuu ndiyo hupatia. Asubuhi ileile Korbinian alimjibu hadharani: "Nunua simu, Konokono, au rudi kwenye gamba lako."

Mzee akawatazama majirani, akamtazama mkwewe. Akakaa. Akaomba asogezewe jibini.

Saa tisa mvua ikashuka kama iliyofunguliwa bomba. Walipofika shambani nyasi zilikuwa zimelala majini.

Jioni Korbinian akaichungulia kazi yake. Kwenye simu mpya, ile saa moja ambayo nchini kwao saa zote husogezwa mbele wakati wa kiangazi, alikuwa ameiongeza mara mbili. Uso ukamwaka moto. Ng'ambo ya meza mzee alikuwa akimenya viazi, na Korbinian hakuthubutu kuinua macho.

Akaandika, dunia nzima isome: "Konokono, ulisema kweli. Nilikutukana bure. Nisamehe."

Akatuma.

Pale mlangoni, ndani ya mfuko wa koti la mzee lililokuwa bado likichuruzika, simu ikalia.