Fundo la Uzi Mwekundu

"Maoni yenu yote tumeyasoma, ndugu zangu," alisema mwenyekiti wa kamati ya mji, akalipiga kofi sanduku la maoni kama mtu anayemsifia ng'ombe wake. "Neno kwa neno!"

Kofi lile lilimponza. Kitasa kilicholiwa na kutu kiling'oka, karatasi zikamwagika sakafuni.

Fundi cherehani, aliyekaa mstari wa mbele, aliinama kumsaidia kuokota. Mkono wake ukasita.

Tatu zilikuwa zake. Alizitambua hata kabla ya kuzigusa, kwa maana yeye hanunui bahasha. Barua zake huzikunja na kuzishona ukingoni kwa uzi mwekundu. Kila mwaka aliandika lile lile: duka kubwa lililofungwa pale stendi ligeuzwe darasa la jioni la watu wazima, mji huu uliolala upate kuamka. Na kila mwaka alipigwa danadana: "Linashughulikiwa, mama."

Alipitisha kidole juu ya fundo. Lilikuwa vile vile alivyolifunga. Hakuna mshono hata mmoja uliokatwa.

"Acha tu, mama," mwenyekiti alinong'ona, jasho likimtoka. "Nitaziokota mwenyewe."

"Kwani na hizi mlizisoma?"

"Zote, mama yangu."

Fundi alijinyoosha, akachomoa mkasi mkobani, akauweka juu ya barua ya kwanza na kumkabidhi mwenyekiti mbele ya ukumbi mzima.

"Basi kata uzi, baba," alisema. "Utusomee mara ya pili."